Nilgiri ilitangulia Godavari

Frigeti (manowari ya ukubwa wa kati) ya kwanza kuundwa India si INS Godavari, bali ni INS Nilgiri; INS ni kifupi kinachotangulia majina ya meli za jeshi la majini la India. Iliteremshwa majini Oktoba 1968 kwenye kiwanda cha meli cha Mazagon, Bombay, ikaingia jeshini tarehe 3 Juni 1972. Ila ramani yake ni ya Waingereza, aina ya Leander. Godavari (iliingia jeshini Desemba 1983) ndiyo ya kwanza kusanifiwa na Wahindi wenyewe: walikuza umbo la Leander ili ibebe helikopta mbili za Sea King, wakafunga makombora ya Kisovieti, mitambo ya mvuke ikabaki ya mtindo uleule. Nilgiri iliondolewa kazini 1996, na 1997 ikazamishwa kwa kombora la Sea Eagle. Nilgiri iliyoanza kazi Januari 2025 ni meli nyingine kabisa.