Ukikwama kwenye aina na uvivu wa Haskell, uliza hivi

Mara ya kwanza kuomba msaada wa Haskell, lugha ya kuandikia programu, nilituma picha ya skrini iliyokatwa nusu, na maneno mawili: "Inagoma, msaada." Jamaa mmoja akajibu kwa mstari mmoja: "Kaka, tamko la aina liko wapi?" Yaani mstari unaotaja fankisheni inapokea na kurudisha thamani za aina gani. Nilinuna. Siku hizi wageni wakiniuliza, na mimi naanza na swali hilohilo.

Nilikuwa natafuta wastani wa orodha ya namba:

wastani xs = sum xs / length xs

Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, ikaja juu: No instance for (Fractional Int). Nikadhani inalalamikia alama ya kugawanya. Kumbe tatizo ni length. Inarudisha Int, namba kamili, na Haskell haigeuzi namba kamili kuwa desimali kimyakimya kama zifanyavyo lugha nyingi. Dawa ni fromIntegral (length xs), basi. Lakini ningetangulia kuandika wastani :: [Double] -> Double, erori ingesema wazi kwamba ilitarajia Double ikakuta Int, na nisingemsumbua mtu. Usipotoa tamko, kompaila inakisia, na ikikisia tofauti na ulichokusudia, lawama huangukia mstari usio na hatia.

Tamko lipo na bado hujui uandike nini? Weka alama ya _ mahali ulipokwama. Tangu toleo la 7.8 la GHC, kompaila kuu ya Haskell, hukwambia pengo hilo linataka aina gani. Mimi hufanya hivyo kabla ya kumuuliza binadamu yeyote.

Uvivu, yaani kuahirisha hesabu, ndio hauna erori, na ndio unaotesa. Programu inapita, jibu ni sahihi, RAM inaisha. Madukani wanabandika "Leo taslimu, kesho mkopo"; Haskell imegeuza kibao: kila hesabu inaandikwa daftarini kwanza, hulipwa pale tu mtu anapodai jibu. Ukijumlisha namba milioni 10 kwa foldl, fankisheni inayopita orodha ikikusanya jibu hatua kwa hatua, bila kompaila kukuboreshea msimbo, unabeba milioni 10 za madeni hadi mwisho. Ndiyo maana utaambiwa utumie foldl', ambayo hulipa kila hatua.

Hapo nami nikanasa. Nilitaka jumla na idadi kwa kupita orodha mara moja, nikaandika:

hatua (s, n) x = (s + x, n + 1)

Nikaiweka ndani ya foldl', nikaiendesha kwenye GHCi, sehemu ya kujaribia msimbo papo hapo, na laptopu yangu ya GB 4 ikaganda mpaka nikaizima kwa kitufe. foldl' haikunidanganya. Inafungua bahasha tu, yaani jozi yenyewe. Pesa zilizomo ndani haizihesabu. Kwa hiyo s na n ziliendelea kukopa. Mambo ni yaleyale kwa seq, fankisheni ya kulazimisha hesabu ifanyike: inaishia kwenye ganda la nje.

Safari hii niliuliza kwa adabu. Nilituma mistari sita inayojitegemea, yenye matamko, toleo la GHC, idadi ya namba, na nikasema niliendesha GHCi, si programu iliyojengwa kwa -O, yaani kompaila ikiambiwa iboreshe msimbo. Hilo la mwisho usilisahau: kwa -O kompaila mara nyingi hugundua kwamba deni litadaiwa tu, ikalilipa mapema, kwa hiyo anayekusaidia anaweza kuujaribu msimbo wako kwake na asione kasoro yoyote. Ukiweza, endesha na +RTS -s, inayoonyesha kumbukumbu iliyotumika, ubandike matokeo kama maandishi. (Picha za skrini hakuna anayeweza kuzinakili. Tafadhali.)

Jibu lilikuja na alama mbili tu za ! zilizoongezwa, kila moja ikidai deni lilipwe papo hapo:

hatua (!s, !n) x = (s + x, n + 1)

Nikafurahi mno, nikazimwaga ! kila mahali kama pilipili, hata kwenye fankisheni iliyotegemea orodha isiyo na mwisho. Ile ilibidi nirudi kuuliza tena.