Mlango wa Kiwanda Nao ni Mashine

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja anayefanya kazi katika ghala la mazao mjini Makambako. Springi ya mlango wa kuingizia malori ilikuwa imekatika, mota ikawa inanguruma bila kuuinua mlango, na msimamizi akawaagiza vijana wauinue kwa mikono kisha wauegemeze kwa gogo ili upakiaji usisimame. Aliniuliza gogo liwe na unene gani. Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia simu papo hapo, nikamwambia asipite chini ya mlango ule, wala asimruhusu mwenzake apite. Ninayoandika hapa ni maelezo ya jibu hilo, kwa sababu ninaamini wako wengi wenye swali kama lake, na wako wenye viwanda na maghala wanaopenda mali zao na watu wao viwe salama kama ninavyopenda mimi.

Watu wengi hudhani kwamba mota ndiyo inayobeba mlango. Katika milango mingi yenye springi, uzito wote hubebwa na springi iliyosokotwa kwenye mhimili wa juu, na mota hufanya kazi ndogo tu ya kuusogeza mlango uliokwisha kusawazishwa. Mlango wa chuma wa kupitisha lori unaweza kuzidi kilo 200. Springi ikikatika, uzito huo wote hubaki kwenye nyaya za chuma zinazouinua mlango, kwenye mota, au kwenye mabega ya watu. Aghalabu springi za kawaida hutengenezwa kwa makadirio ya kufungua na kufunga mara 10,000, idadi inayoonekana kubwa mpaka uipigie hesabu: mlango unaofunguliwa mara 30 kwa siku huifikia kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana, zikiwa mbili na moja ikakatika, nasisitiza zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa iliyobaki imefanya kazi ile ile kwa muda ule ule.

Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi kati ya Mbeya, Iringa na Njombe, na niseme bila kuficha kwamba ninajivunia milango niliyoiacha ikifanya kazi salama. Lakini lipo jambo moja ambalo bado linaniuma. Niliitwa kukagua milango ya kiwanda kimoja cha mbao nje kidogo ya mji wa Mafinga. Katika mlango wa upande wa kupakilia nilikuta waya wa chuma umeanza kuchanika pale chini unapofungwa kwenye kona ya mlango, mahali ambapo maji ya mvua na ukungu hutuama. Nyuzi zake zilikuwa zimesimama kama miiba, na kutu imeingia mpaka ndani. Juu, springi ilikuwa imekwisha kukatika siku za nyuma na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Kila fundi chuma anapaswa kufahamu kwamba joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma cha springi, kwa hiyo springi iliyochomelewa ni springi iliyokwisha kufa. Niliandika barua, nikaeleza kwamba mlango ule usitumike mpaka springi na nyaya zibadilishwe, nikaambatanisha makadirio ya gharama.

Mwenye kiwanda aliniambia kwamba ninatafuta kazi kwa kuwatisha watu. Akamwita fundi mwingine wa bei nafuu, ambaye alipaka grisi kwenye reli na kukaza boliti. Haukupita muda mrefu mlango ukashuka ghafla na kumvunja mguu kibarua aliyekuwa akibeba mbao. Niliitwa tena, safari hii bila ubishi wa bei, na nikaifanya kazi yote kama nilivyoiandika tangu mwanzo. Hakuna aliyeitaja barua yangu. Nakala yake ninayo, na kila ninapoitazama simfikirii mwenye kiwanda, namfikiria yule kibarua.

Hata ile grisi ilikuwa kosa. Kwenye viwanda vya mbao, grisi ndani ya reli hushika vumbi na maranda, ikageuka uji mzito unaokwamisha magurudumu, na katika baridi ya Juni na Julai uji huo huganda zaidi. Reli hufutwa ikabaki kavu. Kilainishi ni cha beringi, bawaba na springi. Macho ya usalama, yale yanayouzuia mlango usishuke juu ya mtu au foklifti, nayo hufunikwa na vumbi hilo hilo, na nimekuta mara nyingi nyaya zake zimeunganishwa moja kwa moja ili mlango usisumbue. Anayefanya hivyo amekiondolea kinga kiwanda kizima kwa kuwa hakutaka kushika kitambaa na kufuta.

Umeme ukikatika, mtu huvuta kamba ya kuachanisha mota ili afungue kwa mkono. Usiivute kabla hujahakikisha kwamba springi ni nzima, maana mlango ukiachanishwa na mota hauna kingine cha kuushika. Ili kujua kama mlango wenye springi umesawazishwa, zima umeme na ufunge swichi kuu kwa kufuli, ondoa watu wote, achanisha mota mlango ukiwa chini, kisha uinue mpaka katikati: ulio sawa hutulia hapo. Mlango wa shata, yaani ule unaojikunja juu kama mkeka, unaoendeshwa na mota na giaboksi pasipo springi usipimwe hivyo kamwe. Huo hutegemea breki ya kuzuia kuanguka, ambayo hukaguliwa na fundi anayeijua. Kusokota springi pia kuna fimbo zake maalumu zinazoingia sawasawa kwenye matundu. Kipande cha nondo kikitumiwa badala yake kikachomoka, hurushwa kwa nguvu ya kuua.

Geti zito la kusukuma lisisahaulike: lisipokuwa na kizuizi imara mwishoni mwa reli, siku moja litavuka na kumlalia mlinzi.

Ndugu zangu wenye viwanda, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeuweka usalama wa mfanyakazi mikononi mwenu, na fidia inayolipwa na WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hairudishi mguu. Uingizeni mlango kwenye daftari la matengenezo pamoja na misumeno na mota zenu, na kila ukaguzi uandikwe tarehe, kilichoonekana na jina la aliyekagua. Fundi akiwaletea barua, isomeni siku hiyo hiyo, na akisema mlango usitumike, wekeni kufuli na utepe kabla ya kuanza kubishana naye kuhusu bei.