Hot Fuzz: utani wa watu wanaokipenda wanachokitania

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: filamu iliyotengenezwa ili kuzitania filamu nyingine inaweza kuwa kazi nzuri inayojitegemea, au ni ya kucheka na kusahau? Mkaongeza kwamba anayesema inaweza, aitaje, na aseme angempendekezea nani.

Ninaitaja bila kusita: Hot Fuzz, filamu ya Waingereza iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya kwao mwezi Februari 2007. Mwongozaji ni Edgar Wright. Yeye na Simon Pegg ndio walioiandika, na Pegg ndiye steringi, akiwa na rafiki yake wa siku nyingi, Nick Frost. Inazitania filamu za kipolisi za Marekani, zile za bastola mbili mikononi na magari yanayofukuzana hadi moja lipinduke. Wengi huitazama mara moja, wakacheka, wakaiweka kando. Nadhani wanaionea. Kwa maoni yangu ni filamu iliyosukwa kwa ustadi wa hali ya juu, na utani wenyewe ndio uliowalazimisha waandishi kuisuka hivyo. (Nitasimulia hadi mwisho, kwa hiyo ambaye hajaiona na hataki kujua kinachotokea aishie hapa kwanza.)

Nicholas Angel ni askari wa London mwenye bidii kupita kiasi. Watu anaowakamata ni wengi kuliko wa askari yeyote mwenzake kwa asilimia 400, na hilo linawafanya wengine waonekane wavivu. Basi wakubwa wanampa usajenti, lakini wa huko Sandford, kijiji cha mashambani Gloucestershire. Anapopinga anaitiwa bosi wa juu, kisha bosi wa juu zaidi, na kila anayeingia anamwambia yaleyale kwa tabasamu.

Sandford hakuna uhalifu. Kuna ajali tu. Kijiji kimepambwa maua, wazee wa ulinzi shirikishi wanaangalia kila kona kwa kamera, na kazi nzito ya sajenti mpya ni kumsaka bata maji aliyetoroka kwa mwenyewe. Mwenzake wa doria ni Danny Butterman, kijana mnene, mwema, mtoto wa Inspekta Frank Butterman ambaye ndiye mkuu wa kituo. Danny amejaza filamu za mapigano nyumbani kwake na anamsumbua Angel kwa maswali: umewahi kufyatua bastola mbili huku umeruka hewani? Umewahi kufyatua bunduki ukiwa kwenye gari linalofukuza gari jingine? Angel anamjibu kwa uvumilivu kwamba kazi ya polisi haiko hivyo.

Na kweli haiko hivyo, hasa Uingereza. Tangu Robert Peel alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829, askari wa kawaida wa nchi ile hatembei na bunduki, na hadi leo walio wengi hawabebi. Sasa utatengenezaje filamu ya risasi juu ya askari asiye na risasi? Mwandishi mvivu angempa bastola dakika ya kwanza tukaendelea. Wright na Pegg hawakufanya hivyo. Walitazama filamu za kipolisi zaidi ya mia moja, halafu wakaenda kuwahoji askari halisi kuhusu siku zao kazini. Wakarudi na jambo ambalo filamu za Marekani hazionyeshi kabisa: makaratasi. Askari akikamata mtu, anaandika. Akitoka kwenye tukio, anaandika tena.

Walichofanya na makaratasi hayo ndicho kinachonifanya niiheshimu filamu hii. Angel anapojaza fomu, kamera na uhariri vinafanya kazi ileile ambayo kwingine hufanywa shujaa anapojaza risasi kwenye bunduki. Kalamu inabonyezwa kwa kishindo, karatasi inapigwa muhuri, droo inafungwa, kila picha haidumu hata sekunde moja, na sauti ni ya vita. Safari ya kutoka London hadi Sandford, ambayo mwingine angeionyesha kwa mandhari na muziki wa huzuni, inakwisha kwa mikato michache: treni, sura ya Angel, ua lake kwenye chungu, na alama za mtandao kwenye simu zikipungua moja baada ya nyingine. Unacheka, lakini pia umeelezwa kila kitu juu ya upweke wa mtu huyu bila yeye kufungua mdomo.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua sheria ya picha hizi hata bila kuisomea. Steringi hafi. Mwenzake atajeruhiwa karibu na mwisho. Bosi anayecheka sana ana lake jambo. Hot Fuzz inazifuata sheria hizo zote, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema utani ni kudharau. Kwetu mtani ndiye anayekuja msibani akamkebehi marehemu mbele ya wafiwa, na ndiye huyohuyo anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Mzaha wake unavumilika kwa sababu ana undugu na wajibu. Wright na Pegg wanazitania filamu za kipolisi kwa haki ya namna hiyo. Wright alikulia Wells, mji mdogo wa Somerset, na akiwa kijana wa miaka kama 18 alikwisha kupiga huko filamu yake ya kipolisi kwa fedha kidogo sana, iitwayo Dead Right. Aliporudi na kamera kubwa kupiga Hot Fuzz alirudi palepale. Kanisa kuu la Wells, ambalo kwa ukubwa wake lingemkumbusha mtazamaji kwamba pale si kijiji, lilifutwa kwenye picha kwa kompyuta. Hata jina Sandford si la kubuni ovyo. Ni jina la mahali pa kufikirika linalotumika katika mafunzo ya polisi wa Uingereza.

Sasa nieleze ninaposema imesukwa. Karibu kila kinachosemwa kama mzaha katika nusu ya kwanza kinarudi kama tukio katika nusu ya pili. Maswali yote ya Danny yanatimia, tena kwa mpangilio wa fahari: bastola mbili, kuruka hewani, gari kwa gari. Kwa mkulima mmoja aliyeficha bunduki bila kibali kunakutwa bomu la baharini la zamani, ambalo kila mtu anadhani limekufa. Lilipoonekana mara ya kwanza ulicheka. Mwishoni ndilo linalobomoa kituo cha polisi. Huyo mkulima, kwa njia, anazungumza lafudhi nzito kiasi kwamba askari mzee inabidi amfasirie, na askari mzee naye inabidi afasiriwe na Danny. Na bata maji je? Anakamatwa katikati ya kufukuzana, anatiwa kiti cha nyuma, watu wanamsahau, na ni yeye anayemzuia mkuu wa wahalifu anapojaribu kutoroka na gari. Mtazamaji wa mara ya kwanza anaona vituko. Wa mara ya pili anaona hesabu.

Lakini ustadi peke yake usingenitosha kuandika barua ndefu namna hii. Kuna usiku Danny na Angel wanakaa nyumbani kwa Danny kutazama Point Break ya Kathryn Bigelow, ya mwaka 1991, na Bad Boys II ya Michael Bay, ya 2003. Katika Point Break kuna mahali kachero kijana anamlenga mhalifu aliyekwisha kuwa rafiki yake, anashindwa kumpiga, anaelekeza bastola juu na kumaliza risasi zote hewani huku akipiga kelele. Danny analipenda tukio hilo kama mtoto anavyopenda. Baadaye inajulikana kwamba Inspekta Frank, baba mpole anayegawa keki kituoni, ni mmoja wa wauaji. Anakimbia, na mwenye bunduki ni Danny. Kijana anamlenga baba yake, mikono inatetemeka, kisha anageuza mtutu juu na kupiga hewani akilia kwa sauti. Ni tukio lilelile la Bigelow, limenakiliwa waziwazi, na mara ya kwanza nilicheka nusu tu, nikanyamaza. Danny hakuwa na namna nyingine ya kuyatoa yaliyokuwa moyoni isipokuwa ile aliyojifunza kwenye filamu. Kichekesho kinachoweza kufanya hivyo hakihitaji kuombewa nafasi kwenye orodha ya filamu nzuri.

Kisha kuna sababu ya mauaji yenyewe. Watu wanakufa Sandford kwa «ajali»: waigizaji wawili wa jukwaani, tajiri mmoja, mwandishi wa gazeti la kijiji, muuza maua. Angel anaunganisha yote kwa nadharia kubwa ya ardhi, barabara mpya na fedha, nadharia ambayo katika filamu ya kawaida ingekuwa ndiyo jibu. Si jibu. Waigizaji waliuawa kwa sababu waliigiza vibaya. Tajiri alijenga nyumba mbaya. Mwandishi alikosea tahajia. Nyuma ya yote kuna kikundi cha wazee wa ulinzi shirikishi wanaotaka Sandford ishinde tena tuzo ya kijiji bora cha mwaka, na kila mmoja akitaja «manufaa ya wote», wengine wanayarudia kwa pamoja kama waumini. Mashindano ya vijiji nadhifu ni jambo la kweli Uingereza, na waandishi wamelichukua jambo hilo jema la maua na nyasi wakauliza litafika wapi likiachiwa watu wasiovumilia doa lolote. Vijana wa mitaani, msanii anayesimama barabarani kama sanamu, wasafiri wasio na makazi, maiti zao wote zimo chini ya ngome ya kijiji.

Na chanzo chake ni msiba. Mke wa Frank alijitolea roho yake yote kukipamba kijiji. Usiku wa kuamkia siku ya waamuzi, wasafiri waliopiga kambi pale wakaharibu kila kitu, akapoteza akili na kujiua. Frank akaapa kwamba haitatokea tena. Filamu haimtetei, wala haimgeuzi kuwa shetani. Jim Broadbent anamcheza kwa upole uleule kabla na baada ya siri kufichuka, na upole huo ndio unaotisha.

Wengine nitawapitia haraka. Timothy Dalton, aliyekuwa James Bond mara mbili, mwaka 1987 na 1989, hapa ni meneja wa supamaketi anayetoa vitisho kwa meno meupe. Edward Woodward, ambaye katika The Wicker Man ya 1973 alikuwa polisi mgeni aliyezungukwa na wanakijiji wenye siri, safari hii yuko upande wa wanakijiji. Anayezijua filamu hizo anapata utamu wa ziada, na asiyezijua hakosi kitu.

Dosari zipo. Filamu ina saa mbili kamili, na vita vya mwisho vimerefushwa. Ule ugomvi kwenye kijiji cha maonyesho chenye nyumba ndogo zinazofika magotini ungetosha, lakini kabla yake umekwisha kuchoka. Askari wa kike pekee wa kituo, anayechezwa na Olivia Colman, amepewa vichekesho vya matusi na si zaidi. Ni hasara kubwa kwa mwigizaji ambaye baadaye alishinda Oscar. Hata hivyo katika vita hivyo virefu kuna jambo ambalo wengi hawalioni: Angel na wenzake wanapiga risasi barabara nzima na hawaui mtu. Kila adui anajeruhiwa, ananyang'anywa silaha, anakamatwa. Waandishi walimpa Danny sinema yake yote aliyoiota bila kumwondolea Angel imani yake ya uaskari. Na vita vinapokwisha, hao hapo mezani wanajaza fomu.

Kuhusu kumpendekezea nani: kwanza, yeyote aliyezijua picha za mapigano tangu utotoni, hata kama anaamini amekua na kuziacha. Pili, vijana wetu wanaoandika skripti, kwa sababu ni somo la jinsi ya kuweka kitu mapema na kukitumia baadaye. Watoto wadogo wasiitazame. Kuna kipande cha mnara wa kanisa kinachoangukia kichwa cha mtu, na damu inaonyeshwa yote. Na hata ukijua Kiingereza vizuri, washa maandishi ya chini, maana lafudhi za Sandford ni ngumu na mzaha mwingi umejificha kwenye maneno yanayosemwa harakaharaka, mtu akiwa amekwisha kugeuka kuondoka.