Umeitwa tena dukani? Rudi, ila uliza shamba liko wapi

Dada mmoja wa Makambako ameniandikia. Bosi wake wa zamani anamtaka arudi kuuza kwenye duka la pembejeo, yaani mbegu na mbolea, naye anasita: mshahara anautaka, kukutana na wateja hataki. "Wakulima wana maneno, dada, nilishachoka kutukanwa." Nilimjibu kwa kifupi, halafu nikaona niandike vizuri, maana najua hayuko peke yake.

Mimi nilirudi. Duka la kwanza hapa Mwanjelwa, Mbeya, niliondoka na hasira. Mteja alidai amenipa noti ya elfu kumi, mimi nilishika ya elfu tano, bosi akamwamini yeye mbele ya foleni nzima, na mwisho wa mwezi akaikata ile elfu tano kwenye mshahara wangu. Radhi hajaniomba mpaka leo, na njiani tunasalimiana. Baada ya hapo nikauza mitumba, nikakaanga chipsi, hayo tuyaache. Nilipoitwa na duka jingine mtaa uleule, watu wakasema, "Kumbe karudi kuuza mbolea." Ndiyo, nimerudi, na msimu huu nimekabidhiwa funguo za stoo. Waliocheka ndio wananipigia sasa kuulizia kama mbolea ya DAP imefika.

Haya, wateja. Tunaambiwa mteja ni mfalme. Mkulima aliyeshuka kutoka milima ya Umalila na hela ya mfuko mmoja wa mbolea hana ufalme wowote, ana wasiwasi. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, unaanza Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Mbegu ikimwangusha, hana vuli ya kukimbilia, anasubiri mwaka mzima. Na hela yenyewe pengine ni mkopo wa kikundi. Mtu wa namna hiyo akikufokea, usikimbilie kujitetea.

Mzee mmoja aliingia na pakiti tupu, akaitupa juu ya kaunta: "Mnatuibia ninyi watu wa pembejeo!" Nikamwamkia, "Shikamoo baba," nikampa kiti, nikamwacha aseme mpaka amalize. Alikuwa na mengi. Kisha nikamuuliza: shamba lako liko wapi, baba? Kumbe duka fulani lilimuuzia mbegu ya mahindi ya muda mfupi, ile inayowafaa watu wa bonde la Usangu kwenye joto, naye akaipanda kule juu kwenye baridi na mvua ndefu, ambako watu hupanda aina za muda mrefu. Mahindi yakakomaa mvua ingali inanyesha, yakaozea shambani. Mbegu haikuwa feki. Aliyemuuzia ndiye hakuuliza inakwenda kupandwa wapi. Nilimpa ya muda mrefu, na siku chache baadaye akaniletea shemeji yake.

Kwa hiyo uliza shamba liko wapi kabla hujataja bei. Kisha mwonyeshe kwenye pakiti lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, aihakiki yeye mwenyewe kwa simu yake, akiwa bado amesimama hapo. Toa risiti bila kungoja adai, na uhakikishe aina ya mbegu imeandikwa. Anayekuja kulalamika na risiti yenye jina la mbegu mnaongea. Asiye nayo mnabishana.

Mbolea ya ruzuku ina kelele zake. Tangu ilipoanza msimu wa 2022/2023, mkulima anakuja na namba yake ya usajili, unaiingiza kwenye mfumo kwa simu, na mtandao ukigoma anayetukanwa ni wewe muuzaji, utadhani mnara umeujenga wewe. Mimi namgeuzia simu aone mwenyewe inavyozunguka. Akishaona, hasira yake inakuondokea wewe.

Wa "kule Kabwe wanauza chini ya hapo" mtajie bei mara moja, basi. Ukianza kuapa, ameshajua una pa kupunguza. Na wapo wakorofi wa kweli, wale wanaotukana wazazi wako au wanaokushika mkono ukitoa chenji. Hao usiwabembeleze hata kama wananunua tani. Mwambie atoke, kwa sauti ambayo foleni itasikia. Mabinti wengi tunafundishwa kutabasamu kwa kila mtu, na mimi nimeshalia stoo kwa sababu ya hilo tabasamu. Jiheshimu, ndugu yangu, usidhani kuna mtu atakuja kukufanyia kazi hiyo.

Dada wa Makambako, kabla hujasema ndiyo, kaa na bosi wako. Noti mteja akikupa, itaje kwa sauti, "Nimepokea elfu kumi, baba," na umwambie bosi ndivyo utakavyofanya. Jioni mhesabu hela na mifuko pamoja, wote wawili msaini daftari. Pungufu lisilopita kwenye daftari hilo lisikatwe kwako. Akikataa hilo, duka za pembejeo Makambako haziko moja.