Pini zilizogoma kuanguka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Sayansi darasa la sita. Juzi, ili nitengeneze sumaku ya umeme, nilizungushia waya wa umeme wa nyumba kwenye msumari wa nchi sita: safu ya kwanza mizunguko 22 kulia, ya pili 18 kushoto, nikidhani zitabana vizuri. Nikaunga betri moja ya tochi. Msumari ukabeba pini mbili tu, waya ukapata moto. Nilipochomoa betri, pini zikabaki zinaning'inia, na nilishawaambia watoto zitaanguka. Walicheka! Nimekosea wapi?
Mwalimu, Singida

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Pole, ila jibu la kwanza umeliandika mwenyewe. Toa 18 kwenye 22. Mizunguko ya kulia na ya kushoto ilikuwa inavutana kamba, msumari ukaambulia minne. Joto halijali kulia wala kushoto, ndiyo maana waya ulichemka hivyohivyo. Safu ikifika mwisho irudishe juu ya ile ya kwanza, lakini mkono uendelee kuzunguka upande uleule.

Waya wa nyumba nao ni mnene na ulikuwa mfupi. Hauzuii mkondo, unaimaliza betri bure. Nenda kwa fundi anayesuka mota, muombe mabaki ya waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, yaani rangi inayozuia umeme. Mita sita hivi zinatosha mizunguko 200. Kwangua ncha zote mbili kwa wembe mpaka shaba ing'ae. Mimi mara ya kwanza nilikwangua moja, nikashinda kipindi kizima nalaumu betri. Unga sekunde chache, chomoa. Betri ya gari usiisogelee.

Sasa pini. Mwaka 1825 William Sturgeon, Mwingereza aliyeanzia kwenye ushonaji viatu kisha akawa askari, alikunja chuma mfano wa kiatu cha farasi, akakipaka vanishi na kukizungushia waya mtupu mara 18. Chuma chenyewe kilikuwa na uzito wa gramu kama 200, kikainua kilo 4 hivi. Alipokata mkondo, mzigo ukaanguka. Alitumia chuma laini. Msumari wako ni mgumu, tena una kinyongo: sumaku ikishauingia haitoki yote.

Tafuta binding waya, ule wa kufungia nondo. Umeshapitishwa motoni kiwandani, ndiyo maana unakunjika kwa vidole. Kata vipande 30 vya urefu wa kidole, vifunge pamoja kwa selotepu, halafu zungushia waya wako wa shaba hapo. Ukiung'ang'ania msumari, uchome kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, uufukie kwenye majivu ya moto, uufukue kesho yake.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumia bisibisi. Hadi leo inaokota skrubu, na fundi redio wa mtaani kwetu kila akiiazima lazima niifuate mwenyewe.