Mzee ana PSA ya 9.2: aanze na MRI au kinyama?

Mkuu, pole sana na mzee. Umesema ana miaka 64, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imesoma 9.2, daktari mmoja anataka achukuliwe kinyama wiki hii (biopsy, vipande vya tezi vya kupimwa maabara), mwingine anasema apige MRI ya tezi dume kwanza (picha za mashine ya sumaku), na ndugu wanaona MRI ni kuchoma hela. Njia hiyo nimeipita mwenyewe. Kama hela inaweza kupatikana, MRI itangulie.

Mimi nilianza na kinyama. Sindano zilipitishwa njia ya haja kubwa zikiongozwa na ultrasaundi, wakachukua vipande 12, majibu yakatoka kwamba hakuna saratani. PSA ikazidi kupanda. Daktari mwingine wa mfumo wa mkojo ndiye aliyeniandikia MRI, na mtaalamu wa radiolojia akaniita nione picha zangu kwenye kompyuta. Upande wa nyuma wa tezi palikuwa peupe, akasema ndivyo panavyotakiwa kuwa kwa sababu vitezi vya pale vina majimaji. Mbele kabisa kulikuwa na doa jeusi lisilo na mpaka, kama wino uliolowea kwenye karatasi. Akafungua picha nyingine, ile inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama, na pale pale penye doa pakawaka. Seli za saratani hubanana, maji yanakosa pa kupita. Sindano zinazoingilia nyuma mara nyingi hazifiki huko mbele. Kinyama cha pili kilielekezwa kwenye doa lenyewe, kikarudi na Gleason 3+4, yaani saratani ya ukali wa kati.

Usichukue haya kama kisa cha mtu mmoja. Uingereza walifanya utafiti uitwao PROMIS, matokeo yakachapishwa 2017: wanaume 576 walipimwa kwa njia zote. Katika kila wagonjwa 100 wenye saratani ya kutisha, MRI iliwanasa 93, kinyama cha kawaida cha ultrasaundi kikawanasa 48. Upande wa pili, zaidi ya robo ya wanaume wale wangeweza kuepuka sindano kabisa kwa kuwa picha haikuonyesha kitu cha kushuku.

Lakini wanaokwambia MRI "inathibitisha kansa" wanakudanganya. Ripoti itakuja na alama ya PI-RADS, kuanzia 1 hadi 5. Alama 1 na 2 maana yake saratani ya hatari haielekei kuwepo, 4 na 5 inaelekea ipo, 3 ni katikati. Anayethibitisha ni maabara, kwa kinyama.

Kitu ambacho watu wengi hawakiulizi ni ukubwa wa tezi, nao umo humo humo kwenye ripoti. Gawanya PSA kwa ukubwa huo. Mzee akiwa na tezi ya mililita 90, 9.2 inakuwa kama 0.10, na huenda PSA imepandishwa na kutanuka kwa kawaida kwa uzee. Akiwa na tezi ya mililita 35 inakuwa 0.26. Madaktari wengi huanza kuwa na wasiwasi ikifika 0.15, hata kama picha ni nzuri. Kwa hiyo MRI safi pekee isiwafanye mrudi nyumbani mkalala, PSA iendelee kufuatiliwa.

Mpangilio nao una sababu. Sindano huacha damu ndani ya tezi, na damu hiyo huchafua picha kwa wiki kadhaa. Akitangulia kinyama, MRI itabidi isubiri.

Kabla ya kulipa, uliza kama alipimwa PSA akiwa na mpira wa mkojo au UTI. Vyote viwili huipandisha, na inabidi kipimo kirudiwe baadaye. Uliza pia kama wana mtu aliyezoea kusoma MRI ya tezi dume, maana mashine nzuri bila msomaji mzuri haisaidii. Mwambie fundi wa mashine kama mzee ana betri ya moyo au chuma mwilini. Dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani inahitaji figo ziwe zimepimwa, ila utafiti wa PRIME wa 2025 ulionyesha picha bila dawa hiyo hufanya kazi sawa zikipigwa vizuri, kwa hiyo ulizia, inaweza kupunguza gharama.

Kama mzee ana maumivu makali ya mgongo, miguu inalegea au mkojo umeziba, msisubiri foleni ya MRI ya tezi. Mpelekeni hospitali leo.

Ripoti ikitoka, weka hapa PI-RADS na ukubwa wa tezi, futa jina na namba ya faili. Nitakusaidia kupanga maswali ya kumpelekea daktari wake.