Binti wa miaka 15 anayejipiga picha kutwa

Pole, dada yangu wa Tabata. Unauliza kama binti yako, anayejipiga picha kutwa na kutaka asifiwe kila saa, ameharibika, na kama kizazi hiki chote kinajipenda kupita kiasi.

La kizazi halijathibitika. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani Jean Twenge na wenzake walisema majivuno ya wanafunzi wa vyuo Marekani yamepanda tangu miaka ya 1980. Mwaka huohuo watafiti wengine wakapinga, na mwaka 2017 Eunike Wetzel na wenzake wakaona yameshuka kidogo tangu miaka ya 1990. Tena wote walipima wanavyuo wa huko, si mabinti wa Dar. Kuhisi macho yote yako kwako ni jambo la umri wake.

Kinachonigusa zaidi ni utafiti wa Eddie Brummelman na wenzake, Uholanzi, 2015: watoto ambao wazazi waliwaona bora kuliko wenzao ndio waliozidi kujikweza, walioonyeshwa upendo walijithamini bila majivuno. Kwa hiyo acha kumwambia darasani hakuna kama yeye. Sifia alichofanya: kamsaidia bibi kufua, kakazana na hesabu. Na tafadhali, usimnyang'anye simu mbele ya wenzake, utamdhalilisha bure.

Mwangalie anavyowatendea wasio na sifa za kumpa: dada wa kazi, konda wa daladala, mdogo wake. Akiwadharau, haombi msamaha, na hali ikadumu miezi, mpeleke kwa mwanasaikolojia. Hata Muhimbili wapo.